Wimbo Uliojaza Pande Mbili

Nitasema mapema: wimbo ule niliutunga mimi, na siuombei msamaha. Watu wa Kosele waliuita wimbo bubu. Watu wa Rodi Kopany waligawanyika, hawa wakicheza, wale wakizomea. Mke wangu alisema unamfanya asahau chungu motoni, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananisifu. Yote hayo niliyasikia na masikio yangu mwenyewe na bado nasema wimbo uko sawa.

Shule yangu iliishia darasa la pili. Gitaa hakuna mtu alinifundisha. Katikati ya miaka ya sitini tulikuwa watu wanne: mimi gitaa la kwanza, fundi cherehani wa Rodi gitaa la pili, binamu yangu kwenye besi, na jamaa mmoja wa kugonga chupa ya soda kwa msumari. Tulikuwa tumetoa santuri tatu. Ukiingia hoteli yoyote yenye gramafoni kati ya Homa Bay na Migori unatukuta tunalia pale ndani, na mimi sikuwa na haja ya kujitambulisha kwa mtu.

Sasa, nyimbo zetu wakati huo zilijaa majina. Unaimba kidogo, unamwita mtu, unamsifu kwa ng'ombe wake, kwa wake zake, hata kwa viatu vyake. Na kwenye dansi yeyote aliweza kuinua mkono, na muziki unasimama. Kabisa, hata kama kidole changu kiko hewani. Mtu anajisifu mwenyewe: "Mimi ndiye fahali niliyevuka mto nikatoka mkavu! Mimi ndiye nikikohoa Homa Bay, Migori wanafunga madirisha!" Watu wanacheka, anatupa senti zake, muziki unaendelea. Hiyo tunaita pakruok. Mwanamuziki akikataa kusimama ni sawa na mwenye nyumba anayekufungia mlango chakula kikiwa mezani.

Aliyesifiwa kuliko wote alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka upande wa Migori, karibu na mpaka. Mtu mkubwa, kofia ya kijivu, kicheko chake unakisikia kabla hujamwona. Jina lake lilikuwa ndani ya santuri zote tatu. Na gitaa nililokuwa napiga lilikuwa lake. Alilinunua yeye, akanikabidhi mbele ya watu, akasema, "Piga, omera, ndugu yangu. Siku ukinisahau nakuja kulichukua." Tulicheka sote.

Kilichoniharibu, kama wasemavyo, ni Asumbi. Mchana nilikuwa mwashi, na tulikuwa tunajenga ukuta karibu na misheni. Siku moja mtu alikuwa akifanya mazoezi ya kinanda kanisani. Wimbo ulianza polepole kama ng'ombe wakienda kunywa maji, ukapanda, ukakasirika, ukalala, ukaamka na sura nyingine. Haukusimama kumwita mtu. Nilisimama na mwiko mkononi mpaka saruji ikaanza kuganda kwenye karai. Msimamizi akanitukana. Nikamwambia nitachanganya nyingine, na nikachanganya.

Tulifanya mazoezi miezi mingi. Halafu tukapanda basi mpaka Nairobi kurekodi. Fundi wa mitambo alitazama saa yake, akasema wimbo wangu hauingii upande mmoja wa santuri. Nikamwambia aukate katikati, nusu huku, nusu kule. Upande wa kwanza ni gitaa mbili tu zikifukuzana, sauti ya mtu hakuna. Upande wa pili ndipo naingia kuimba. Nasimulia mama yangu anavyotoka ziwani kwenda sokoni na samaki kichwani, mvua inamkuta njiani, naye hageuki. Jina la mtu hakuna humo. Hata la mama sikulitaja.

"Sasa mtu atajuaje kama imekwisha ama bado?" fundi akauliza.

"Atageuza," nikasema.

Hapo ndipo nilikosea, na kosa ni langu. Kwetu kila upande wa santuri ulikuwa wimbo wake. Nani angegeuza wimbo kutafuta mwisho wake?

Nilifika Kosele santuri ikiwa na wiki mbili pale. Naingia hotelini, watu wananitazama kama mtu aliyetoka hospitali. Mwenye hoteli hakunisalimu hata. Alichukua santuri, akaiweka, sindano ikashuka. Watu wameshika vikombe, wanangoja sauti. Gitaa zikafukuzana mpaka mwisho, zikakatika, ikabaki sindano kukwaruza.

"Unaona?" mwenye hoteli akasema. "Kila siku ni hivi. Umemeza ulimi?"

"Geuza," nikamwambia.

"Nigeuze nini? Nimenunua wimbo, siyo chapati."

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilipita nyuma ya meza, nikaigeuza mwenyewe. Nilipoanza kuimba, mama mmoja aliyekuwa mlangoni na karai lake la samaki aliliweka chini. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo anapita njia yangu," akalibeba karai na kwenda zake.

Lakini msidhani wote walilainika. Mzee mmoja akaniambia, "Kijana, nimesikiliza huku na huku. Mimi siko."

"Hakuna mtu yuko, jaduong'. Ni mama na mvua tu."

"Mvua inakununulia nini?"

Mwalimu mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akasema huu ni muziki wa kufikiria. Mwenye hoteli akamjibu, "Kufikiria nafikiria nyumbani, bure. Hapa nataka watu wacheze wapate kiu." Nikawaacha wakibishana. Nilikuwa nimesikia vya kutosha.

Wiki hiyo fundi cherehani alinijia na tepe yake ya kupimia ikiwa shingoni. Mfanyabiashara wa ng'ombe alikuwa amesikia santuri. Alikuwa ameigeuza mwenyewe, pande zote, mara mbili, akijitafuta. Jumamosi tulikuwa na dansi Rodi Kopany, na atakuja. Anataka jina lake liingie pale mvua inapoanza.

"Ni neno moja tu," fundi akasema. "Unaliweka, unasonga mbele."

"Likiingia hilo, mama yangu anasimama kwenye mvua akimngoja mtu ajisifu."

"Gitaa ni lake, omera."

"Najua gitaa ni la nani. Wimbo ni wa nani?"

Akaikunja tepe yake. Mke wangu, aliyekuwa akichambua mtama, alisema bila kuinua kichwa, "Kama utalirudisha, lirudishe limepanguswa." Basi nikajua nyumbani kwangu hakuna wa kunivuta nyuma.

Jumamosi tulipiga katika uwanja wa soko, jua la saa tisa. Tulianza na nyimbo za zamani, watu wakajisifu wakatosheka, na mfanyabiashara akajisifu kuliko wote. Kisha nikaanza ule mpya. Walioupenda wakasogea mbele. Wengine wakaenda kuketi, na wawili watatu wakapiga mbinja. Nikaendelea. Gitaa zikafukuzana, nikaingia kuimba, mama akatoka ziwani, mvua ikaanza.

Mkono ukainuka. Kofia ya kijivu.

"Simama hapo!" akasema. "Simama niwaambie mimi ni nani!"

Fundi cherehani akasimama. Besi ikasimama, chupa ikanyamaza. Mimi sikusimama. Nilisikia gitaa langu limebaki peke yake uwanja mzima, sauti nyembamba kama kuku aliyepotea, na watu wakisema "Aaa!" kwa mshtuko. Mtu mmoja akanipigia kelele, "Unamfungia mzee mlango!" Mwingine akapiga kelele zaidi, "Mwache amalize!" Mkono wa mfanyabiashara ulikuwa bado juu. Nilimtazama usoni na nikaimba mpaka mama akafika sokoni. Ndipo nikanyamaza.

Alikuja polepole. Hakuwa amekasirika kwa sura, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nilikuambia siku ile," akasema.

"Uliniambia."

Nilipangusa nyuzi kwa pindo la shati, nikapangusa na mgongo wa gitaa, nikampa kwa mikono miwili. Akaondoka nalo kwapani. Nusu ya watu walimfuata wakicheka. Waliobaki hawakujua watazame wapi.

"Ungesimama dakika moja tu," fundi cherehani akasema.

"Hiyo dakika moja ndiyo wimbo wenyewe."

Nilitembea nyumbani mikono mitupu. Jumatatu nilikuwa juu ya ukuta na mwiko wangu. Nilijenga mwaka mzima na zaidi, vyoo, visima, duka la mtu, chochote. Sikumwomba mtu yeyote gitaa, na waliojitolea kuninunulia nikawakatalia, kwa sababu nilishajua gitaa la kupewa linavyopigwa. Nililinunua Kisumu. Lilikuwa dogo kuliko lile, na shingo yake ilikuwa imepinda kidogo. Lakini ni langu.

Fundi cherehani alirudi bila kuitwa. Wengine pia. Dansi ya kwanza tuliifanya palepale Rodi, na kabla ya kupiga nikasema mbele ya watu wote: anayetaka kujisifu atajisifu, nitasimama kama zamani, ila katika wimbo mmoja. Huo ukianza, mkono ungoje. Wakanung'unika. Mzee mmoja akaondoka na kiti chake. Nikapiga.

Mvua ilipoanza nikaiona kofia ya kijivu nyuma ya watu. Sikujua amekuja. Akainua mkono. Fundi cherehani akanitazama, vidole vyake vikaanza kulegea, nikamtikisia kichwa, akaendelea. Mkono ulibaki juu. Hakuita. Alisimama hivyo wimbo mzima, watu wakimgeukia na kunong'ona, mpaka mama akafika sokoni na mimi nikashika nyuzi zikanyamaza.

"Haya, mzee," nikasema. "Mlango uko wazi."

Akashusha mkono, akausugua begani.

"Mimi ndiye," akaanza, kisha akavuta pumzi. "Mimi ndiye niliyesimama! Upande wa pili ni mrefu mno, wewe mwashi!"

Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Gitaa lake hakunirudishia, na mimi sikuliuliza. Nikapiga wimbo mwingine.