Kitanda cha Mukau

Binti yangu Wavinya ni seremala. Natangulia kusema hivyo kwa sababu watu wakisikia "Fundi Wavinya wa Mwingi" huuliza kama anashona sare za shule. Hashoni. Ana karakana ya mabati kando ya barabara ya Garissa, ana randa, ana misumeno minne, na vitanda vyake vinapakiwa kwenye malori yanayokwenda miji ambayo mimi sijafika.

Alianzia kwenye zizi la mbuzi. Alikuwa na miaka tisa, upande mmoja wa zizi ukaanguka, na baba yake Mbaluka alikuwa kazini Sultan Hamud, ambako analinda ghala na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Aliporudi alikuta zizi limesimama. Akalitikisa kwa mkono, akalitikisa kwa bega, akaniuliza, "Uliita fundi gani?" Nikamwonyesha fundi, ameketi chini anachambua kunde.

Alipomaliza kidato cha nne akaenda chuo cha ufundi. Mwalimu aliyeandika majina hakumwuliza lolote, alimweka kwenye ushonaji. Wavinya alikaa huko siku mbili. Siku ya tatu akabeba kiti chake akaingia nacho darasa la useremala, wavulana kumi na tisa na yeye. Walimwita Bibi Nyundo. Mimi huku nyumbani Nuu nilikuwa nikiwaza misumeno tu. Kila aliporudi likizo nilimshika mikono nikahesabu vidole kabla ya kumwuliza habari.

"Mwaitu, viko kumi," alikuwa akisema. Mwaitu ndiyo mama kwetu Wakamba.

"Nyamaza, nihesabu."

Mimi ni mtu wa hofu, lakini sikuzaliwa hivyo. Kabla ya Wavinya na kaka yake Gedion nilikuwa na kifungua mimba, mvulana, tukamwita Nzuki. Alilala kati yangu na baba yake kama watoto wengi wa huku wanavyolala. Mwezi wa saba wa mwaka, kukiwa na baridi, nilimfunika vizuri kwa blanketi zito tulilopewa na wageni waliokuja kumwona. Asubuhi blanketi lilikuwa juu ya uso wake, naye amekuwa baridi. Alikuwa na wiki saba. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu, nikaitikia, na waliotuletea blanketi sikuwaambia kitu. Watoto wangu walijua walikuwa na kaka aliyekufa mchanga. Zaidi ya hapo sikuwahi kuwaambia.

Basi Mutindi, mke wa Gedion, alipopata mimba, na picha ya hospitali ikaonyesha ni msichana, mimi ndiye niliyekosa raha. Kwa desturi yetu, binti wa kwanza wa mwanangu huchukua jina langu. Mwongeli mwingine alikuwa njiani. Gedion ni dereva wa lori, siku nyingi hayuko, na Mutindi akishalala ni kama gunia la mahindi. Nikasema mtoto huyu atalala kando ya mama yake, karibu vya kutosha kunyonya, lakini atakuwa na mahali pake mwenyewe.

Nilikwenda Mwingi na neno hilo. Wavinya akafunga karakana, tukaingia kwenye duka la Isnino, jirani yake anayeuza magodoro na vitu vya watoto. Isnino alitutolea kitanda kizuri mno. Cheupe, kina magurudumu, neti ya maua, kuta zimezungushiwa mito laini ya rangi ya waridi, na ndani godoro limeumuka kama andazi.

"Hiki, Mama Gedion, kimetoka nje ya nchi," alisema. "Mtoto akilala humu hataki kuamka."

Maneno hayo yalinichoma kidogo, lakini macho yangu yalikuwa yameshapenda.

Wavinya akakisogelea kitanda. Alibonyeza godoro kwa ngumi, ngumi ikazama yote. Alipoitoa, shimo likabaki pale. Kisha akachukua chupa tupu ya soda iliyokuwa kwenye kaunta, akaipitisha katikati ya fito za kitanda. Ikapita bila kugusa huku wala huku.

"Wewe, siku hizi unanywesha vitanda soda?" Isnino aliuliza.

"Napima. Chupa ikipita hapa, mwili wa mtoto unaweza kupita, kichwa kikabaki ndani."

"Si ndiyo maana kuna mito pembeni!"

"Na mto ukimwangukia usoni?"

Isnino akanigeukia. "Mama Gedion, huyu wako hanunui, anakagua. Serikali imempa kazi lini?"

"Dada, kitanda chako ni kizuri cha kutazama," Wavinya akasema, akicheka. "Niuzie godoro lile jembamba la kule juu, lile gumu. Kitanda nitatengeneza mwenyewe."

"Lile? Lile hata mbuzi atalikataa!"

"Hilo hilo."

Nilitoka nimenuna. Nilikwenda kutafutia jina langu kitanda cha waridi, nikarudi nimebeba godoro lililokataliwa na mbuzi.

"Nilimwuliza nesi wa kliniki," Wavinya aliniambia tukivuka barabara. "Mtoto alale chali, juu ya kitu kigumu, bila mto, bila blanketi zito, bila vitu vya kumzunguka."

"Huyo nesi ana watoto wangapi?"

"Wanne."

Nikalihamishia godoro bega la pili.

Wiki hiyo alikuja Nuu kupima. Kitanda cha Mutindi ni cha saipresi, na huku kwetu mchwa wanaweza kula saipresi wewe ukiwa umeilalia. Kwa hiyo kila mguu wa kitanda umesimama ndani ya kopo, ndani ya kopo kuna jiwe bapa, na kulizunguka jiwe tumemimina oili chafu ya gari ili mchwa wasipande. Wavinya alipima kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro. Akaniambia nilale, akapima tena.

"Geuka, Mwaitu. Sasa amka haraka, kama umeitwa."

"Niitwe na nani? Mimi ni mgonjwa?"

"Amka tu, nione kinasogea kiasi gani."

Niliamka mara saba, Mutindi akicheka mpaka akashika tumbo.

Kile cha mtoto alikitengeneza kwa mukau, mti wetu wa huku, ambao mchwa hawaugusi, kwa hiyo hakikuhitaji makopo. Hakukipaka rangi. Alikisugua kwa msasa siku tatu, halafu akavuta kitambaa changu cha kichwa juu ya kila ubao, na kila kiliponasa uzi alirudia kusugua. Fito alizibananisha, chupa ya soda ikawa inagoma. Upande mmoja aliuacha wazi ukashikana na kitanda cha mama, akaufunga kwa mikanda miwili ya kufungia mizigo kutoka lori la Gedion. Godoro la mama na la mtoto yakawa sawasawa, kama meza moja. Mutindi akinyoosha mkono, anamfikia.

Mwongeli alizaliwa mwezi wa tano, akalala humo. Wavinya akija humwinamia na kumwita mwaitu, maana ndiye mwenye jina la mama yake. "Mwaitu, umelalaje?" Mtoto analia, nami naitikia kutoka jikoni.

Wiki ya tatu akina mama wa kanisa walituma habari kwamba Jumamosi watakuja kumwona mtoto. Sasa hapo ndipo nilipokosea.

Asubuhi ya Jumamosi nilifagia, nikapiga maji, nikaosha madirisha. Macho yangu yakaangukia makopo. Oili imekuwa nyeusi, imejaa sisimizi waliokufa, na kopo moja limepata kutu. Niliwaza Nduku, mwenyekiti wa akina mama, mtu asiyepitwa na kitu, akiyatazama. Mutindi alikuwa nje akiota jua na mtoto. Nikafungua mikanda, nikachukua mchi wa kinu, nikainua kitanda mguu mmoja baada ya mwingine, nikatoa makopo na mawe yake, nikayaficha nyuma ya choo. Mikanda nikaifunga tena kwa fundo ninalofungia mbuzi. Juu ya kila kitu nikatandika shuka pana lililofika chini. Chumba kikawa kama cha hoteli.

Walikuja kumi na mmoja, wakiimba tangu langoni, na unga wa uji, kuni, jogoo, na blanketi zaidi ya nilizoweza kushika. Tulijibana chumbani. Wavinya naye aliingia akitoka Mwingi, vumbi la mbao kwenye nyusi, akasalimia kila mama kwa heshima yake na kusimama mlangoni.

Nduku alikitazama kitanda cha mtoto.

"Aiya! Mama Gedion, hiki ni kitanda au kizimba cha kuku?" Wakacheka wote. "Una binti fundi, na mjukuu analala juu ya ubao kama mahabusu!"

"Labda fundi aliishiwa na pesa ya sponji," mmoja akadakia.

Nduku akatoa mto mnene wa sufi, alioutarizi kwa mkono wake mwenyewe, akauweka kichwani mwa kitanda. Wengine wakapanga blanketi kuuzunguka. Wavinya alinitazama. Zawadi ya mtu mzima haiondolewi na msichana, hilo tulilijua sote wawili. Nami niliangalia sakafu niliyoiosha.

"Mlete sasa," Nduku alimwambia Mutindi. "Alale mahali pake, tumwombee."

Mutindi akainuka na mtoto. Ndipo Wavinya alipoacha kunitazama mimi, akatazama kitanda kikubwa.

"Mutindi, ngoja kidogo. Mwaitu, makopo yako wapi?"

"Makopo gani?" nilisema, na nilikuwa najua.

Alipita katikati ya akina mama, akainua shuka. Kitanda cha mama kilikuwa kimeshuka vidole vinne chini ya kile cha mtoto, na nilipokuwa nikikiinua kilikuwa kimesogea pia. Kati ya vitanda viwili palikuwa na ufa. Wavinya aliingiza mkono, ukazama mpaka kwenye kiwiko. Aliuacha mkono pale nione.

Mtoto alikuwa hatua moja kutoka hapo, mikononi mwa mama yake, amevaa jina langu.

"Niliyatoa mimi," nikasema. "Asubuhi. Niliona aibu kwa sababu ya ile oili."

"Ni vidole vinne tu, Mama Gedion," Nduku alisema, na hakuwa na ubaya. "Shindilia blanketi hapo katikati, kwisha. Sisi tumelea watoto bila vitanda hivi, na wote wako hai."

"Kwako wote wako hai," nikamjibu. "Mimi nilizika mmoja."

Hapo nikasema. Nilisema wakiwa wamesimama, kuni bado ziko mgongoni mwa mmoja wao. Nzuki, wiki saba, baridi ya mwezi wa saba, blanketi zito juu ya uso. Sikusema lilitoka kwa nani. Nilisema tu kwamba lilikuwa zawadi nzuri na nililipenda. Wavinya alikuwa bado ameinama, mkono ndani ya ufa, akiyasikia haya kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Nduku ndiye aliyesogea kwanza. Aliuondoa mto wake mwenyewe, akaondoa blanketi moja moja na kuzikunja. Mto akauweka kitini, nyuma ya mgongo wa Mutindi.

"Huu ni wa mama," alisema. "Anayenyonyesha ndiye mwenye kuumwa na mgongo." Kisha akajifunga leso kiunoni juu ya gauni la kanisani. "Haya, fundi. Tushike wapi?"

Mimi nilikimbilia nyuma ya choo. Niliporudi na makopo nilimkuta binti yangu anawapanga akina mama wa kanisa kama vibarua.

"Watatu kila upande. Mama Nduku, usishike ubao wa kichwani, utang'oka. Shika fremu, chini. Pigeni magoti kidogo, nguvu itoke miguuni, si mgongoni. Nikisema sasa, mnainua pamoja. Bado, bado... sasa!"

Wakainua. Mwenyekiti aliambiwa ashushe bega la kushoto, akalishusha. Nilisukuma kopo moja baada ya jingine chini ya miguu, oili ikatapakaa kwenye sakafu yangu na kwenye viatu vya watu, na hakuna aliyelalamika. Wakakisogeza kikagusana na kile cha mtoto. Wavinya akakata fundo langu la mbuzi, akavuta mikanda mpaka ikalia.

"Huyu msichana alijifunzia wapi mambo haya?" mama wa kuni alininong'oneza.

"Hapa nyumbani," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Kwenye zizi la mbuzi."

Wavinya aliniita. "Mwaitu, njoo upime."

"Mimi? Si una tepu?"

"Tepu haina hofu kama yako. Pima."

Nilipiga magoti. Nikasukuma vidole kati ya magodoro mawili upande wa kichwani, havikupita. Nikasukuma katikati. Nikaenda miguuni, nikasukuma kwa nguvu zote mpaka kucha zikauma. Sikuharakisha, na hakuna aliyeniharakisha.

"Havipiti," nikasema.

Mutindi akamlaza Mwongeli chali juu ya lile godoro gumu, hana kitu kandokando yake. Mtoto akapiga miayo, akatupa mikono juu ya kichwa, akalala mbele ya watu wote.

Nduku aliongoza maombi. Wengine walifumba macho, mimi sikufumba. Nilimtazama mtoto anavyopumua, halafu nikautazama mkono wa Wavinya juu ya ubao wa mukau, mweusi kwa oili mpaka kwenye kifundo. Nikautafuta na ule mwingine, nikahesabu vidole, vyote kumi.