Aliyeniletea Chakula Kwaraa

Usiniambie nilisinzia. Sinywi pombe, na ilikuwa saa saba mchana.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Kazi za ujenzi zilikuwa nyingi Babati, nami, fundi uashi kutoka Njombe, nikahamia Singe na mke wangu na binti yetu Neema, wa mwaka mmoja. Siku hiyo tulikuwa tunajenga tangi la maji huko juu, ndani ya msitu wa mlima Kwaraa. Wenzangu walishuka kufuata saruji, nikabaki peke yangu. Ukungu ukateremka, miti ikapotea.

Mara nikamwona mke wangu anapanda, kashika hotipoti.

Nilifurahi, sikufichi. Halafu nikaanza kujiuliza. Njia ile nani kamwonyesha? Mimi suruali ilikuwa imelowa hadi magotini kwa umande wa nyasi. Mbona kitenge chake kikavu? Na mgongoni hakuwa na mtoto.

"Mama Neema, mtoto umemwacha na nani?"

"Amelala na baba yake," akajibu kwa upole, sauti yake ileile. "Kula, ugali utapoa."

Niliacha vifaa vyangu palepale, nikashuka mbio. Sikugeuka nyuma.

Nyumbani nilimkuta mke wangu uani, anafua.

"Umesahau nini tena? Si umetoka sasa hivi?"

Alisema nilirudi mchana, sikuongea, nikamchukua Neema nikajilaza naye chumbani. Niliingia. Neema alikuwa macho, kimya, anatazama mlango. Upande wa pili wa kitanda, shuka ilikuwa bado ina joto.

Jioni tukamweleza jirani yetu Mama Safari, mzaliwa wa hapohapo chini ya mlima. Hakushangaa. Aliniuliza jambo moja tu.

"Baba Neema, ulikula?"

"Sikula."

"Basi aliyerudi ni wewe. Anayekula hubaki kule, akarudi mwingine."

Mke wangu alikuwa amekaa pale, anasikia. Wiki nzima Neema alilia kila nikimbeba.

Sasa Neema ana watoto wake. Wewe ukipanda msitu ule, usipande peke yako, na ukiletewa chakula na mtu wako usikiguse, hata kama njaa inakuuma vipi. Awepo wa kukushuhudia. Mimi sikuwa naye. Kwamba sikula, mke wangu ana neno langu tu, na mpaka leo akiniandalia chakula hukaa pembeni, ananitazama ninavyokula.