Goti la Mskoti

Mwaka 2015 sikutazama hata mechi moja nzima, lakini nilizijua zote kwa kuzisoma kwenye nguo. Kazi yangu pale Louisville, Marekani, ilikuwa kufua jezi za timu ya mpira wa kulipwa, na mfuaji huona mambo ambayo mtangazaji wa redio hayaoni. Soksi za washambuliaji zilirudi na majani kwa mbele, kwa sababu wakifunga bao huteleza kwa magoti ili wapigwe picha. Jezi ya Mskoti, kiungo wa kati, ilirudi na tope kwenye nyonga ya kulia, kila wiki mahali palepale, maana huko ndiko alikoangukia akimnyang'anya mtu mpira. Niliisugua kwa sabuni ya kipande kabla ya kuitia kwenye mashine. Nikiikuta safi nilijua hakucheza.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, umri ambao kwa mchezaji ni uzee. Alifika asubuhi kabla ya wenzake kwa sababu mashine ya barafu ilikuwa chumbani kwangu. Alikaa juu ya magunia ya nguo chafu, akakunja suruali, akaliweka goti lake la kushoto ndani ya taulo lililojaa barafu. Kiingereza chake kilikuwa kama cha mtu anayetafuna karanga ngumu. Changu nilikipata katika kambi ya wakimbizi Kigoma, chini ya turubai, tukiwa wanafunzi tisini na kitabu kimoja. Tulielewana kwa sababu wote wawili tuliongea polepole, na kwa sababu mimi nikiona mtu amekaa kimya mbele yangu nitamuuliza tu. Mume wangu husema mdomo wangu hauna komeo. Wakati ule nilidhani ananisifu.

Basi nikamuuliza, naye akanieleza maisha yake ya mpira, kidogo kidogo, barafu ikiyeyuka. Alianza akiwa na miaka kumi na sita katika klabu ndogo ya kwao Uskoti, na mwaka wa kwanza kazi yake kubwa ilikuwa kupiga brashi viatu vya wachezaji wakubwa. Uwanja wao ulikuwa juu ya kilima na upepo ulirudisha mpira kwa kipa aliyeupiga. Alihama timu sita. Mara moja aliitwa kwenye timu ya taifa ya vijana akakaa benchi mechi nzima, na mama yake akalihifadhi koti la benchi kabatini. Mabao aliyofunga hayakufika ishirini. Viungo wa aina yake, aliniambia, hawafungi. Wao humpa mpira mtu atakayempa mpira mtu anayefunga. Nilimwambia kwamba kazi yake ni kama yangu, watu huikumbuka siku jezi ikitoka chafu. Alicheka mpaka barafu ikamwagika sakafuni, nami nikamfokea kwa sababu mwenye kupiga deki ni mimi.

Goti lilikuwa likijaa maji. Yeye mwenyewe alinionyesha, akalibonyeza kwa kidole likabonyea kama andazi. Kocha hakujua, daktari wa timu hakujua. Kila siku ya mazoezi alilifunga bendeji nyembamba ndani ya soksi ndefu, na bendeji zile alinipa mimi nizifue mbali na nguo za wengine. Siri ya mtungi aijuaye kata. Aliniomba nisimwambie mtu, nami nikamwambia nimesikia.

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja, mkataba wa mwaka mmoja zaidi. Sikuelewa kwa nini mtu mwenye goti kama lile anautafuta tena uwanja, nikamwambia hivyo. Ndipo akanisimulia kuhusu baba yake, mchimba makaa, ambaye asubuhi moja alikwenda kazini akakuta mgodi umefungwa, akarudi nyumbani na chakula chake cha mchana hakijafunguliwa. Akakaa kwenye kiti miaka kumi na moja mpaka akafa. Mskoti alisema yeye hatarudishwa nyumbani na mtu. Atacheza mwaka mmoja wa mwisho akijua ni wa mwisho, mama yake atapanda ndege aje atazame, na siku ya mechi ya mwisho atavua viatu mwenyewe. Aliyasema haya bila kuniangalia. Nilimwonea huruma, nikamwongezea barafu bila kuombwa.

Sasa nieleze kuhusu kanisa letu, maana bila hilo hamtanielewa. Tulisali mchana katika jengo la kukodi, Wakongo wengi na sisi Warundi wachache, na kabla ya mahubiri mchungaji aliuliza nani ana ombi. Kwetu mtu haombewi kwa mafumbo. Unasimama, unataja ugonjwa, unataja mguu au tumbo, unataja na aliyekukosea, na watu mia moja wanaubeba mzigo wako kwa sauti. Kambini tuliishi hivyo. Mgonjwa aliyejifungia hemani alikufa peke yake, na aliyesema alipata uji, maji na watu wa kumbeba hadi zahanati. Mficha maradhi kifo humuumbua, tulifundishwa hivyo na tukaona kwa macho yetu. Kwa hiyo kusema mbele ya kanisa sikukuhesabu kuwa ni kusema. Niliona ni kumwambia Mungu tu, na watu wake wakiwa wamekaa karibu.

"Bon, nani iko na ombi?" mchungaji aliuliza Jumapili ile. "Tusifiche kitu, wapendwa. Mungu iko anajua yote."

Nilisimama. Nilisema kuna kiungo wa timu ninakofanya kazi, mzungu wa Uskoti, goti lake la kushoto lina maji, analificha kwa kocha, anahitaji mkataba wa mwaka mmoja. Wakaomba kwa nguvu. Akina mama walikemea yale maji yakauke kwa jina la Yesu, nami nililia, nikarudi nyumbani mwepesi.

Katika kanisa lile alikuwamo mzee mmoja wa Kivu aliyesimama mlangoni kupokea wageni. Siku za kazi alifagia ofisi za timu yetu. Mtu mpole kuliko wote niliowajua katika mji ule. Jumanne alikuja chumbani kwangu na ufagio wake, uso umejaa furaha.

"Mama, nilisha ambia kocha," alisema.

"Umemwambia nini, papa?"

"Nilimukuta mu koridoo. Nikamwambia kanisa yetu iko naombea goti ya kiungo yake, asiogope, Mungu atafanya. Donc, alifurahi sana. Aliniuliza hata mara mbili, goti gani?"

Mashine zilikuwa zikizunguka na sikuzisikia. Yule mzee hakuwa amekosa kitu. Alifanya anachofanya muungwana akijua kuna mgonjwa katika nyumba ya mtu, alimpa pole mwenye nyumba. Aliyekosa alikuwa amesimama mbele yake na kapu la soksi.

Wiki ile walimpeleka Mskoti kwenye vipimo. Jezi yake haikuja chafu tena. Alifika mara moja tu kuchukua bendeji zake, akasema kuna mtu amempelekea kocha maneno na hajui ni nani. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikunja taulo. Nilikunja taulo ambalo tayari lilikuwa limekunjwa, naye akanishukuru kwa barafu na kuondoka. Msimu ulipoisha hawakumpa mkataba.

Mwaka uliofuata tulihamia Columbus, ambako shemeji yangu alimpatia mume wangu kazi ya ghala. Mimi nilipata kazi ya kumtunza bibi mmoja wa mtaa wa Clintonville, kumwogesha na kumpikia. Yule mzee wa mlangoni alinipigia simu kunisalimu, na katika salamu akaniambia Mskoti yuko mji wetu, anajaribiwa na timu ya huko. Siku yangu ya mapumziko nilipanda mabasi mawili hadi uwanja wa mazoezi nikasimama nje ya seng'enge. Alicheza kama dakika ishirini. Alikuwa anapita katikati ya vijana akiwaonyesha kwa mkono pa kwenda, na hata mimi nisiyejua mpira niliona kwamba wanamsikiliza. Halafu akageuka ghafla, goti likakataa, akakaa chini kwenye majani. Hakuna aliyemgusa.

Alitoka kwa mlango uliokuwa upande wangu, begi begani. Nilikuwa nimetayarisha maneno ndani ya mabasi yote mawili. Nilijificha nyuma ya kibanda cha kituo cha basi, chenye bango la tangazo, mpaka gari lake likapotea. Mimi, ninayegombana na madereva na makarani wa ofisi za serikali, nilijificha nyuma ya tangazo. Nilimweleza mume wangu jioni ile, na alinionea huruma kwa namna yake.

"Mama watoto, yamepita," alisema. "Goti lilikuwa bovu kabla hujafungua mdomo."

Ilikuwa kweli, na haikunisaidia chochote.

Mwaka 2017 tukahamia Buffalo, mtaa wa Lower West Side, karibu na ndugu za mume wangu. Huko wanaume wetu wa kiwandani, Warundi na Wakongo, walikuwa na timu yao ya jioni. Walipata kocha wa kujitolea, na mume wangu aliporudi nyumbani siku ya kwanza hakuvua hata koti. Aliniambia kocha ni mzungu wa Uskoti mwenye dada yake ng'ambo ya mto, Kanada, na anachechemea. Milima haikutani, binadamu hukutana. Sikulala vizuri wiki hiyo.

Jumamosi nilikwenda uwanjani na sufuria ya wali na maharage, kwa kuwa kwetu huendi kuomba msamaha mikono mitupu. Binti yetu mkubwa alitaka kunitafsiria. Yeye hunijibu Kiingereza hata nikimwita kula, na angeyasema yote kwa ufasaha. Nilimkatalia. Sikutaka mtoto abebe kosa langu kwenye ulimi wake.

Mskoti alinitambua mara moja, akafurahi, akaniuliza kama bado nafoka watu wakimwaga barafu. Nilimwambia asimame hapo na asinichekeshe. Nikamweleza yote kwa Kiingereza changu kibovu: ahadi yangu, kanisa, ombi, mzee wa mlangoni, taulo. Nikamwambia pia kwamba nilimwona Columbus nikajificha. Alisikiliza huku akiangalia wanaume wakikimbia kuzunguka koni.

Kisha akasema daktari alimweleza kwamba kama angecheza msimu mwingine na goti lile, leo angekuwa anatembelea mkongojo. Nilianza hata kusema asante Mungu.

"Ngoja," alisema. "Hayo ndiyo ninayomwambia kila mtu, hata mama yangu. Wewe umeniambia ukweli, nami nitakuambia wangu. Ningeuchukua mwaka ule na mkongojo. Hata leo, ukinipa, nauchukua." Hakupandisha sauti. "Mliniombea vizuri, najua. Lakini mwaka ule ulikuwa wangu."

Alinipokea sufuria kwa mikono miwili, akaiweka kivulini, akarudi kwa wachezaji wake. Nilibaki pale pembeni nikimtazama akichechemea kati ya koni.