Kava ya Siku ya Mkaguzi

Juzi nilikuwa kwenye karakana moja hapa Mbeya, nikisubiri nichongewe gia ya mashine yangu ya kukoboa mpunga kule Chimala. Simu ya bosi ikaita. Akasikiliza, kisha akapaza sauti: "Mkaguzi yuko njiani! Leteni kava!"

Kava ya kukinga mikono ikatolewa ofisini, imehifadhiwa kwenye gunia kama sufuria za harusi. Haikuwa na hata mkwaruzo. Fundi aliyekuwa akichonga gia yangu akazima mashine, akaanza kuifunga kava. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole viwili tu.

"Kwa nini isikae hapo siku zote?" nikamuuliza bosi.

"Inachelewesha kazi, mzee wangu. Ukitaka kupima kidogo tu, mpaka uifungue."

"Na vidole vya huyu?"

"Huyo alizembea mwenyewe."

Fundi alisikia. Akaendelea kukaza nati.

Mkaguzi akafika, akaigonga kava kwa kalamu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasaini. Huku kwetu mtu haondoki bila kupeana mikono, basi akatupa mkono, mmoja baada ya mwingine. Fundi akatoa mkono wake uleule. Mkaguzi akaushika. "Hongereni," akasema, "hapa pako salama."

Gari lake halijafika hata lami, kava ikarudi kwenye gunia.

Mheshimiwa mkaguzi, kama unasoma gazeti hili: ulichokishika wakati wa kuaga ndicho ulichotumwa kukikagua.