Mwalimu Mal-sun na Teke la Raundi ya Pili

Tak Mal-sun hakuwahi kukaa sawasawa kwenye kiti cha kocha. Wenzake huegemea wakakunja nne; yeye hukalia ncha tu, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Namfahamu kwa miaka kumi na minane. Ukumbi wake wa taekwondo uko juu, na duka langu la udobi liko chini yake, hapa mjini Gunsan, Korea Kusini. Nimefua sare nyeupe za wanafunzi wake mpaka najua jasho la nani ni la nani.

Hakujaaliwa mtoto. Asubuhi hufundisha akina mama wa mtaani, mchana huendesha basi dogo la njano akiwakusanya watoto kutoka shule, jioni huwafundisha mpaka sauti imkauke. Pyo Ga-ram aliletwa na bibi yake, muuza dagaa wa sokoni, akiwa na miaka saba na ameshawatoa damu puani wavulana wawili.

"Mchukue huyu, Mwalimu," bibi alisema. "Kama ni kupiga watu, basi apige kwa adabu."

Ga-ram akampiga kila aliyesimama mbele yake, kwa adabu. Alipofika miaka ishirini na mitatu akachaguliwa kwenda mashindano ya kimataifa, mjini Chuncheon, kundi la wanawake wa kilo hamsini na saba. Upande wa wanaume akachaguliwa Guk Seon-u, kijana mwingine wa ukumbi wetu, mcheshi, miguu mirefu kama korongo. Tukaondoka sote na basi la njano: Mwalimu usukani, wachezaji wawili nyuma na njaa ya kupunguza uzito, bibi na mimi katikati tukiona haya kutafuna mbele yao.

Safari ile haikuwa ya bendera tu. Makocha wa timu ya jiji moja kubwa walikuwa jukwaani wakitafuta msichana mmoja wa kumwajiri. Mwenye medali ndiye angepata mshahara, chumba na wa kumtibu goti, na la Ga-ram lilikuwa bovu. Ga-ram alikuwa akifanya kazi ya kupanga maboksi ghalani na kufanya mazoezi jioni. Alijua, na sisi tulijua, kwamba mwakani wangekuja wasichana wadogo zaidi.

Mpambano wa kwanza alishinda bila kutoa jasho. Wa pili ulikuwa na msichana wa Kroatia. Ga-ram alichukua raundi ya kwanza. Raundi ya pili, zikibaki sekunde kama kumi, teke likazunguka likampata juu ya sikio. Kofia ya kinga ilimwokoa ngozi, lakini alianguka kama nguo iliyochomolewa kwenye kamba. Refa akahesabu. Bibi alinishika paja mpaka kucha zikaingia. Kwenye sita Ga-ram akasimama, akainua mikono. Daktari wa ulingoni akapanda, akamwuliza maswali, akamtazama macho, akaridhika. Raundi ile ilikwenda kwa Mkroatia, lakini ya tatu Ga-ram alirudi kama simba jike akaichukua.

"Umeona!" Bibi alinipiga mgongoni. "Umeona mtoto wa dagaa!"

Mpambano uliofuata, robo fainali, ulikuwa baada ya saa moja. Ukishinda huo, medali unayo, maana wote wanaofika nusu fainali hupata walau shaba. Nikashuka chumba cha kupashia mwili na chupa ya uji wa malenge. Ga-ram alikuwa chini, barafu shingoni.

"Mwalimu, yule Mkroatia nimempiga ngapi?"

"Mbili kwa moja."

Akanywa uji. Akafungua mkanda, akaufunga tena. "Mwalimu, yule Mkroatia nimempiga ngapi?"

Seon-u akacheka. "Dada, unataka tukuimbie kabisa? Umeshinda, basi, usitutese."

Ga-ram naye akacheka. Mwalimu hakucheka. Baada ya kitambo Seon-u alimvuta Mwalimu pembeni, nami nilikuwa karibu, nikasikia. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni.

"Mwalimu, ameniuliza mara tatu kama nimeshapima uzito. Tulipima jana. Alikuwa nyuma yangu kwenye foleni."

Mwalimu akarudi akachuchumaa mbele yake. "Jana tulikula nini baada ya kupima?"

"Kuku wa pilipili. Bibi alilalamika kabichi ilikuwa nyingi kuliko kuku." Ga-ram akakunja uso. "Mwalimu, mimi mzima. Daktari ameshanitazama. Unataka kunitia woga?"

Jibu lilikuwa sahihi, na ndilo lililomtesa. Mwalimu alitoka chumbani humo kama anayekwenda chooni, nikamfuata. Alikuwa amesimama mbele ya sinki, maji yanatiririka, hanawi.

"Dada, unaijua ile medali yangu ya dhahabu?"

"Nani asiyeijua? Iko ukutani, ukumbini kwako."

"Siku ile nilipigwa kichwani nusu fainali. Kocha wangu akanipiga kofi la shavu, akasema simama. Nikasimama, nikashinda, na fainali nikashinda. Hayo watu wananihadithia tu." Akafunga bomba. "Mimi sikumbuki chochote. Nakumbuka asubuhi nikivaa soksi, halafu nakumbuka hospitali, mama analia. Mwaka mzima sikuweza kusoma gazeti."

"Basi mwambie daktari."

"Akimwuliza, atajibu vizuri, kama alivyonijibu mimi. Na kama ni wasiwasi wangu tu? Nimemlea huyu mtoto kwa miaka kumi na sita kwa ajili ya saa hii moja."

Nikamnyooshea kola ya koti. Mimi ni dobi.

Tulirudi. Ga-ram alikuwa amevaa kinga ya kifua ya buluu, na karatasi ukutani ilisema nyekundu. Seon-u akambadilishia. Hilo humpata yeyote, nikajisemea. Mwalimu alikuwa akimtazama kila kitu: anavyofunga kamba, anavyokanyaga, anavyofumba macho taa zikimpata. Alikuwa amejing'ata mdomo mpaka umekuwa mweupe.

Wakaitwa. Kwenye meza ya ukaguzi kulikuwa na msichana wa Uturuki tayari, anarukaruka. Nje umati ulikuwa ukipiga ngoma. Ga-ram akanyoosha mikono akaguliwe, kisha akageuza shingo, akanong'ona kwa upole, kama mtu anayeuliza saa:

"Mwalimu, yule Mkroatia nimempiga ngapi?"

Mal-sun akachukua kadi ya mchezaji, akaiweka mezani.

"Hapigani," akasema.

Mkaguzi akadhani hakusikia vizuri. "Amejeruhiwa?"

"Hapigani. Nipe fomu, nitie sahihi. Na mniitie daktari."

Ga-ram hakupiga kelele mwanzoni. Alitazama kadi, akamtazama yeye. Halafu akasema, "Umeniuza," akaketi chini palepale sakafuni na kofia yake kichwani. Bibi aliposhuka kutoka jukwaani, yeye na Ga-ram ndio waliokuwa wakisikika kuliko ngoma.

"Umemkata mtoto miguu, Mwalimu! Anatembea! Anaongea! Wewe ulipewa yako, mbona yeye unamnyima?"

Mwalimu aliinamia fomu, akatia sahihi.

Hospitalini picha za kichwa zilitoka safi. Hakuna damu, hakuna ufa. Apumzike, daktari alisema, asipigwe kichwani kwa miezi kadhaa. Bibi alisikia maneno mawili tu, "picha safi", akayabeba mpaka sokoni Gunsan. Ndani ya wiki mtaa mzima ulikuwa na maoni. Wazazi wanne waliwatoa watoto wao ukumbini. Timu ya jiji ilimchukua msichana mwingine. Seon-u, aliyeshinda shaba siku ile ile, alirudi na medali yake mfukoni, hakuitoa mbele ya mtu.

Lakini Ga-ram hakurudi ghalani. Mwanga ulimuumiza. Alilala mchana mapazia yamefungwa, akitapika akisoma simu, akisahau jiko linawaka. Wiki sita. Sauti ya bibi sokoni ikaanza kupungua, kisha ikanyamaza kabisa. Hakuomba radhi. Asubuhi moja nilipofungua duka nilikuta mfuko wa dagaa wakubwa, wale wa bei, umeandikwa "Juu."

Nikampelekea Mwalimu. Akaufungua, akanusa, akalia akiwa amesimama.

Ga-ram alirudi ukumbini Novemba, akiwa na barua ya daktari ya kumruhusu. Alipanda ngazi, akainama kumsalimu Mwalimu kama inavyopasa. Hakuna aliyeitaja Chuncheon. Timu ya jiji ilikuwa imepita, na umri ulikuwa umesogea. Alisema atajaribu mchujo wa masika, na asipopita atasomea ukocha.

Nilikuwa mlangoni na sare zilizopigwa pasi. Mwalimu alishika ngao ya mazoezi kwa mikono miwili, kwenye usawa wa kiuno.

"Juu zaidi, Mwalimu," Ga-ram alisema.

"Leo tunaanza chini."

"Mimi ndiye ninayepiga. Wewe unaogopa nini?"

Mal-sun alirudisha mguu mmoja nyuma. Aliinua ngao taratibu, mpaka kwenye usawa wa bega, na nikaona akifumba macho kabla teke halijafika.