Paa la Maji ya Ndama

Oktoba iliyopita nilifunua pipa jeupe la plastiki nyuma ya nyumba yangu hapa Kambarage, harufu ikanipanda puani, ya tope na majani mabichi yaliyovunda. Maji yalikuwa ya kijani. Nilicheka peke yangu, maana harufu ile naijua tangu nikiwa na miaka minane, kwa bibi yangu kule Ushetu.

Bibi alikuwa na shimo la maji ya mvua kando ya zizi, la ndama tu. Ng'ombe wakubwa walikwenda lamboni na wajomba. Juu ya shimo alikuwa amejenga paa la fito na nyasi, limeinama karibu kugusa maji. Kiangazi kimoja aliitwa Kahama kumuuguza dada yake, akaniachia mimi shimo lile.

"Ng'wanawane," aliniambia, ndiyo mwanangu kwa Kisukuma, "nikikuta maji mazuri, yule ndama mwenye baka usoni ni wako."

Ndama mwenyewe nilikuwa nimeshampa jina, Bahati, kabla hata hajawa wangu. Nilimpenda kupita kiasi.

Siku ya pili, pale paa lilipokuwa na tundu, niliona utando mdogo wa kijani juu ya maji. Sasa, kwetu dawa ya kila kitu ilikuwa jua. Bibi alianika michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, alianika magodoro yenye kunguni, na tukipata mafua alituanika sisi wenyewe uani. Nikaona jibu liko wazi. Niling'oa paa lote nikaliacha jua lifanye kazi, nikajipongeza.

Siku chache tu za joto lile, maji yakawa kama mlenda. Ndama watatu walinusa, wakageuka. Nililia mpaka nikachoka. Kisha nikarudisha paa haraka, fito kwa fito, nikashika ndoo. Asubuhi na jioni nilivuka mashamba ya tumbaku yaliyokwisha kuvunwa, nikachota lamboni maji ya kuwanywesha ndama, hadi Bibi aliporudi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Maji yamekuwaje haya?"

"Sijui, Bibi. Yamebadilika yenyewe."

Aliinama akatazama maji, akatazama paa. Akapapasa mbavu za Bahati. Halafu akanishika mikono, akafungua viganja vyangu vilivyochubuka kwa mshikio wa ndoo.

"Yamebadilika yenyewe," alirudia taratibu. "Haya. Mchukue ndama wako."

Kwa miaka mingi nilijisifu moyoni kwamba nilimweza Bibi.

Mpaka Oktoba hiyo ya mapipa. Nilikuwa nayo mawili, nimeyajaza siku moja kwa bomba lile lile. Lililokaa juani, mwanga ukipenya plastiki yake nyeupe, liligeuka kijani ndani ya wiki, lililokaa gizani stoo lilibaki safi. Nikakumbuka pia kwamba mwezi Julai, kwenye baridi, hata lile la juani lilichelewa sana kubadilika. Utando ule hula mwanga, na joto huuharakisha. Chini ya paa zima la nyasi usingeweza kuota namna ile.

Na paa alilijenga Bibi mwenyewe. Alipoona tu maji alijua nimelifunua, alijua namdanganya, na bado alinipa Bahati. Viganja vyangu alikuwa ameshavisoma.