Gari Langu Dogo na Mti wa Tatu

Siku gari langu lilipofika Kasongo naiona hata sasa nikifumba macho, mwanangu, maana lilifika likiwa limepanda lori. Ndiyo, gari juu ya gari. Lilitoka Kalemie limefungwa kamba kama mbuzi anayepelekwa sokoni, na lilipoteremshwa mbele ya duka langu la vitenge, matairi yake yalikuwa bado hayajakanyaga barabara yetu hata kidogo. Mtaa mzima ulijaa. Lilikuwa jipya kwa namna yetu, unanielewa: watu wa mbali walikwisha kulichoka, usukani uko kuume wakati magari mengine ya hapa usukani wake uko kushoto. Lakini lilikuwa linang'aa, na lilikuwa langu, mwanamke niliyeanza biashara na vitenge vya kuhesabika kichwani.

Nakueleza haya kwa sababu jana umeleta lako hapa mlangoni ukaniomba dua. Dua utaipata. Kwanza kaa, uache kuchezea huo ufunguo.

Raha ya gari naijua. Mvua haikunikamata tena njiani na mizigo ya duka. Kila bibi harusi wa mtaa alitaka kushuka kutoka kiti changu cha nyuma, na mimi nilikuwa nafunga maua mbele kwa mikono yangu, najivuna kuliko yeye. Taabu zake nazo nilizijua upesi. Petroli ya chupa iliyochanganywa na sijui nini. Tumbo la gari linagonga mawe mpaka unasikia maumivu wewe mwenyewe. Na ndugu! Wajomba ambao miaka yote walikuwa wazima walianza kuugua, na ugonjwa wao ulikuwa unakuja siku ya soko tu, wakati wa kurudi nyumbani. Utawaona wako. Wabebe, lakini wajue kwamba unajua.

Basi gari halijamaliza masika yake ya kwanza, akaja mtu wa baiskeli ya mizigo kutoka Wamaza na habari ya baba yangu, Mzee Ramazani. Baba alikuwa mkulima wa mpunga. Alikuwa ameteleza shambani akavunjika paja. Fundi wa mifupa alimfunga vijiti, lakini mguu uliendelea kuvimba, na muuguzi wa kule alisema apelekwe hospitali ya Kasongo bila kuchelewa, la sivyo mguu utaoza. Pikipiki isingewezekana. Mtu mwenye paja lililovunjika atakaaje juu ya pikipiki?

Nikasema nitamleta mimi. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza kama nina akili zangu zote. Gari dogo kama lile, njia ya Wamaza? Nilimwita fundi akang'oa kiti kimoja cha mbele ili mguu wa Baba upate mahali pa kunyooka, nikatia panga na kamba, nikaondoka alfajiri.

Sasa sikiliza jambo la madaraja, maana hapo ndipo watu wa gari dogo wanapokwama. Daraja la huku ni magogo mawili juu ya kijito, na yanalazwa kwa kipimo cha lori. Pikipiki inachagua gogo moja na kupita. Gari dogo halina pake: ukiweka magurudumu ya kushoto kwenye gogo, ya kuume yako hewani. Mimi nilikuwa nimeishi Kasongo maisha yangu ya utu uzima, nimepita daraja la njia ile ya Wamaza juu ya malori mara nyingi, na sikuwahi kulifikiria. Nilifika pale nikasimama, nimeshika usukani.

Vijana wa kijiji cha karibu waliniokoa. Mkubwa wao aliitwa Amisi. Walipitisha miti mirefu chini ya gari, wakaliinua mabegani, wakaingia majini mpaka kiunoni huku wanaimba, wakalitua ng'ambo. Mimi nilivuka kwa miguu juu ya gogo, viatu mkononi, ninacheka kwa furaha. Niliwagawia sabuni na chumvi, wakafurahi nao. Nikaona nimeshinda.

Wakati wa kurudi, Baba alikuwa amelala nyuma, mguu umenyooka mpaka mbele, kila shimo linamtoa jasho. Mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Lusangi. Tulipofika kijitoni sikuhitaji hata kuita. Amisi na wenzake walikuja mbio na miti yao.

«Mzee, ukae tu,» alisema Amisi. «Tutakupitisha sasa hivi. Gari hii iko nyepesi.»

«Munapitisha namna gani?»

«Juu ya mabega, Mzee. Hata Mama wakati alikuja, tulimupitisha hivi.»

Baba alinigeukia. «Ni kweli?»

«Ndiyo, Baba. Ni muda kidogo tu.»

«Muweke ile miti chini,» alisema Baba, na vijana waliiweka. Kisha akaniambia mimi, mbele yao wote: «Baba yangu alibeba tipoye. Kiti ya muzungu, juu ya bega, toka huku mpaka Kabambare. Nilikuwa mutoto. Jioni nilikuwa namukanda hapa na maji ya moto, nyama ilikuwa wazi. Leo mutoto wangu mwenyewe anapanda na gari yake juu ya watu, na mimi ndani? Hapana.»

«Baba, mvua iko nakuja. Kijito kikijaa hatupiti tena. Na muguu...»

«Muguu ninausikia kuliko wewe. Mutafute muti wa tatu, muulaze kati ya ile miwili, kwa kipimo ya hii gari. Mwenye gari apite, mwenye muzigo kichwani apite. Kama haiwezekani, unirudishe Wamaza.»

Nilikasirika, sikufichi. Nilitamani kulia na kupiga kelele kwa pamoja. Mzee anaoza mguu halafu anataka daraja! Nilijua akisema atarudi, atarudi, hata akafie kule. Amisi alikuna kichwa, akasema mti wa namna ile ni kazi ya siku nzima, na wapi watapata mti ulionyooka karibu hivi?

Aliyejibu ni mjane mmoja, Mama Feza, aliyekuwa amesimama ng'ambo na dumu lake la mawese kichwani, akisikiliza yote. Shamba la kando ya kijito lilikuwa lake. «Uko muti kwangu, ule moto uliunguza wakati wa kufyeka. Umekauka, umenyooka. Mukate. Mimi nimekwisha kuanguka hapa na mawese yangu, na hakuna mutu aliniletea muti.»

Nilitoa panga garini. Nikajifunga kitenge kiunoni kwa nguvu, nikamwambia Amisi: «Twende.» Vijana walipoona mwenye gari anatangulia, walikwenda kuleta mashoka.

Mwanangu, sijawahi kufanya kazi kama ile. Mti ulianguka, tukaukata matawi, tukaufunga kamba, tukauviringisha mpaka kijitoni. Mvua ilitukuta hapo hapo, maji yakaanza kupanda. Niliingia mpaka kifuani, nasukuma na wanaume, viganja vimechubuka, namwomba Mungu na kumnung'unikia Baba kwa pumzi ile ile. Mara moja nilitazama garini. Alikuwa ameuma pembe ya shuka lake kwa maumivu, macho ameyafunga. Hakuniita hata mara moja. Hapo hasira ilinitoka, nikageuka nikasukuma.

Tulipomaliza, gogo la tatu lilikuwa limelala imara, tumelifunga kwa fito za kukatiza. Mama Feza alivuka wa kwanza na dumu lake, polepole, hakumwaga tone. Nami nikawasha gari. Niliendesha nimetoa kichwa dirishani kwenye mvua, Amisi ananiongoza kwa mikono, na magurudumu yote manne yalikuwa juu ya mti. Tuliingia Kasongo mwanga wa mwisho wa jioni ukiwa bado upo.

Mguu haukuoza. Lakini uliunga ukiwa mfupi, na Baba alitembea na fimbo mpaka mwisho wa maisha yake. Nilimuuliza daktari kama ni kwa sababu ya kuchelewa. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Jambo hilo lilinisumbua miezi mingi, mpaka siku moja, Baba anaondoka kwangu kurudi kwenye mpunga wake, nilimwambia wazi: «Baba, kama tungepita juu ya wale vijana, labda leo ungetembea vizuri.»

Alisimama kwenye fimbo yake, akanitazama bila hasira.

«Huu muguu ni wangu,» alisema. «Yale mabega haikuwa yangu.»

Basi ukitaka dua yangu, mwanangu, chukua na neno langu. Umenunua gari, umenunua na barabara. Usidai kwamba barabara ni kazi ya wengine, maana wengine hawaji. Tembea na panga, tembea na kamba. Gari likikwama, uwe wa kwanza kushuka na wa mwisho kupanda, usikae nyuma ya kioo wakati watu wanakusukuma. Na pale utakapopita, paache pazuri kwa anayekuja kwa miguu. Utachoka. Endelea tu.

Mungu akulinde kwenye matope na kwenye vumbi. Akupe nguvu za mikono kabla ya nguvu za injini, na kila utakaposimama mlangoni, watu watoke wakifurahi kwamba ni wewe. Haya, washa tukaone. Mimi nakaa mbele.